Mpenzi Wako Anafunga Mabao? Pangeni Mapema!

Tuambizane ukweli, wasomaji wangu. Ukipendana na mtu ambaye ulaji wake uko mguuni, mmeshaongea maisha yatakuwaje msimu ukiisha?

Mchukueni George Mpole. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ilikuwa ngeni kabisa Ligi Kuu, lakini ilimaliza nafasi ya nne na straika wake huyo akawa mfungaji bora wa ligi. Alipachika mabao 17. Fiston Mayele wa Yanga, yule aliyetufundisha kutetema, aliishia 16. Bao moja tu, jamani! Shuti moja lingegonga mwamba, wangelingana.

Msimu uliofuata jamaa akavuka mpaka kwenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Baadaye alirudi na kuvaa jezi ya Pamba Jiji, Mwanza. Na Geita Gold? Ilishuka daraja 2024, baada ya misimu mitatu tu.

Si Geita peke yake. Septemba 2018 Alex Kitenge wa Stand United ya Shinyanga aliitungua Yanga mabao matatu, ingawa timu yake ililala 4-3. Msimu ulipomalizika 2019, Stand ikashuka. Mwadui, timu ya kwenye machimbo ya almasi, nayo ikashuka 2021.

Ndiyo kazi ya straika ilivyo: unaweza kufanya yako vizuri kabisa, na bado klabu ikakuponyoka. Ofisini hatuna tofauti sana. Wangapi kati yetu tuko kwenye mkataba wa mwaka mmoja au miwili, mgodini, benki au kwenye mradi?

Mimi na mwenzangu wote ni watu wa mkataba. Utaratibu wetu ni mmoja: siku mkataba unaposainiwa, jioni hiyo hiyo tunakaa mezani, na maswali ni matatu. Kazi ikihamia mkoa mwingine, nani anamfuata nani? Mshiko ukiingia, kiasi gani hakiguswi? Na mkataba usipoongezwa, tutaishi kwa kipato cha nani, kwa miezi mingapi?

Najua, si maongezi ya mahaba. Lakini ulizaneni wakati mabao yanaingia. Mkisubiri hadi mshuke daraja, kila swali litasikika kama lawama.