Turu ya atelie ya nyumbani: uliza kwanza kazi, bei itafuata

Bandugu, vijana watatu wa asosiasio yetu wameniuliza swali moja kwa mwezi mmoja: tumekusanya pesa za likelemba, tunataka kufungua atelie ndogo ndani ya parsele, tununue turu gani? Kwa wale wa droo na ekonomi: turu ni mashine ya kukereza chuma. Kipande kinazunguka, kisu kinakikula polepole mpaka kinafika kwenye kipimo. Njo kazi yangu ya kila siku, basi nijibu hapa kwa wote.

Mbele ya kuuliza bei, jiulize: mutu wa kwanza atakayegonga mlango ataleta nini? Hapa Lubumbashi ataleta bushi ya moto, pini, ao mhimili wa mulen ya unga ulioliwa pale beringi inakaa. Tuchukue huo mhimili, tuseme unene wake ni 35 mm na urefu 600 mm. Turu mpya ya Uchina, ile ndogo ya kilo kama 40 inayokaa juu ya meza, inaandikwa 180 × 350. Hiyo 180 ni kipenyo kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda bila kugusa. 350 ni urefu kati ya ncha mbili. Mhimili wetu hauingii. Utasema, nitaupitisha ndani ya tundu la kichwa. Tundu lenyewe ni kama 20 mm tu! Mteja anaenda kwa jirani. Na ile 180 pia usiiamini sana, juu ya shariyo inayobeba kisu inakula nafasi: juu yake kunabaki kama 110 mm.

Sisemi turu ndogo ni mbaya. Kwa bushi na pini inatosha, inaingia mlangoni, na inakula umeme wa kawaida wa nyumba. Lakini nyingi ziko na gia za plastiki kichwani, na karte ya elektroniki ya mota ambayo haipendi umeme unaopanda na kushuka kila jioni. Kama unainunua, nunua na gia za akiba siku ileile.

Turu nzee ya Ulaya iko na ugonjwa mwingine. Inaweza kupima kilo 500, hata tani moja, na uzito huo njo nguvu yake: kisu hakitetemeki. Tatizo ni umeme, sababu mota yake ni ya trifaze na kwenu mko na monofaze. Soma plaketi ya mota. Ikiandikwa 220/380, dawa iko: variateri inayopokea 220 monofaze na kutoa 220 trifaze, mota ikifungwa kwa triangle. Ikiandikwa 380/660, variateri hiyo haitaipa nguvu yake yote. Hapo hesabu pia bei ya mota ingine. Na fundi asiache suichi ya zamani ikikata umeme kati ya variateri na mota wakati inazunguka, ataunguza variateri.

Uliza pia vise kubwa ya kukata nyuzi ni ya milimita ao ya inchi. Turu nyingi za Uingereza ni za inchi, na boloni za moto zetu ni za milimita. Gia ya meno 127 inatengeneza hiyo, juu ya inchi ni 25.4 mm, ni kusema 127 kugawa na 5. Muuzaji asiyekuwa na sanduku la gia anakuuzia nusu ya mashine.

Sasa uchakavu. Rangi mpya haisemi kitu, mutu anaweza kuipaka usiku mmoja. Kitanda kinalika zaidi karibu na mandreni, sababu kazi nyingi inafanyika pale. Basi peleka shariyo pale, kaza kidogo mpaka mchezo unaisha, halafu izungushe kwenda upande wa mwisho. Ikianza kuwa ngumu ao kukwama, kitanda kimelika. Kisha weka komparateri juu ya pua ya mhimili wa kichwa, si juu ya mandreni, na izungushe kwa mkono. Sindano ikicheza 0.01 ao 0.02 mm, sawa. Finya chuma katika mandreni, ukiinue kwa kipande cha mti: sindano ikiruka 0.10, beringi zinaomba pesa, na wewe omba bei ipunguzwe.

Usimalize likelemba yote kwa mashine. Visu, mandreni ya taya nne, mikrometri na meule ya kunoa, vyote vinakula pesa, na bila hivyo turu ni meza nzito tu. Minaweka pembeni karibu theluthi ya bajeti.

Siku ya kwenda kuiona, beba tochi, komparateri na kipande cha chuma cha 30 mm. Mwambie muuzaji aiwashe kwa spidi ya chini, kisha ya juu, na akereze kile kipande mbele yako kwa urefu wa 100 mm. Pima ncha zote mbili kabla hujatoa pesa mfukoni.