Kompyuta Inayoganda

Kompyuta ya nyumbani yaganda ghafula: picha imesimama, vidole vyapiga bure. Ukiizima na kuiwasha yaenda vema, na kesho yaganda tena. Usiifungue upesi. Andika saa, tena utazame taa.

Hapa Ibanda umeme hutoka hasa katika mitambo ya mto Ruzizi, wa kwanza wa miaka ya 1950, wa pili wa mwaka 1989. Jioni, watu wengi wanapopika, nguvu hupungua. (Na plastiki tunazotupa ziwani huenda kuiziba mitambo hiyo!) Taa ikififia mashine inapoganda, tafuta kifaa cha kusawazisha umeme.

Lakini taa ikiwaka vema, gusa ubavu wa mashine. Ni moto? Vumbi la kiangazi limeziba feni. Chomoa waya kwanza, kisha pangusa kwa brashi laini, kavu.