Usiamini wekundu, amini uchachu

Ukivuka Mtaa wa Lumumba kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, choya hutaikosa. Wengine huiita rozela. Watu husema ni maua, ingawa hasa ni lile ganda nene linalobaki likikumbatia tunda baada ya ua kudondoka, likaanikwa mpaka likawa jekundu la kuiva. Sifa yake kubwa mitaani ni kwamba inaongeza damu, na anayeitazama rangi hiyo haoni sababu ya kubisha. Mimi nabisha. Wekundu wa choya unasifiwa kwa kazi usiyoifanya, na anayetaka kuchemsha sharubati ya choya nyumbani, ya kuweka na kunywa kidogo kidogo siku za mafua na kikohozi, aitegemee sifa nyingine kabisa: uchachu wake.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, ambayo imebeba madini ya chuma. Choya ni nyekundu kwa sababu ya anthosayanini, rangi za mimea zisizo na chuma hata chembe. Ushahidi wake unapatikana jikoni. Chukua maji ya choya kidogo, tia magadi: wekundu unageuka zambarau, kisha bluu au kijani. Kamulia ndimu mara moja, nao unarudi. Kumbe hata wekundu wenyewe ni mtoto wa asidi. Asidi ikiondoka, nao unaondoka. Mojawapo ya rangi hizo ina sukari iitwayo sambubiosi, jina lililotokana na Sambucus, yaani elderberi, tunda dogo jeusi ambalo sharubati yake huuzwa sana Ulaya na Marekani kama kinga ya mafua. Rangi ileile iko katika elderberi na katika choya. Anayeletewa chupa ya elderberi na ndugu yake wa London, kwa upande wa rangi, ameletewa kitu ambacho binamu yake amejaa Kariakoo. Tena choya ina nafuu moja kubwa. Elderberi mbichi, majani yake na vijiti vyake vina kemikali inayotoa sianidi, kama ilivyo kwa muhogo mchungu. Mwaka 1983 huko California kundi la watu liliugua, wengine wakakimbizwa hospitali kwa helikopta, baada ya kunywa juisi iliyokamuliwa mbichi pamoja na majani. Choya haina hatari hiyo. Tunaichemsha kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo ni uhifadhi, na hapa ndipo uchachu unapofanya kazi. Wengi huamini kuwa kitu kikichemshwa vizuri kimeshakuwa salama. Si kweli kwa chupa itakayokaa. Mbegu za bakteria wa botulizimu, ile sumu hatari ya chakula, hustahimili maji yanayochemka, na ndani ya chupa iliyofungwa kabisa zinaweza kuamka. Ila bakteria hao hawakui pH, yaani kipimo cha uchachu, ikishuka chini ya 4.6, na maji mazito ya choya kwa kawaida huwa chini ya 3. Ulinzi huo sharubati ya tangawizi tupu au ya karoti haina. Asidi hiyohiyo, hata hivyo, hula alumini taratibu, kwa hiyo sufuria ya kawaida haifai. Tumia ya stili au iliyopakwa enameli. Gramu 100 za choya kavu, zilizosuuzwa haraka kwa maji baridi, zinatosha lita moja ya maji, dakika 10 hadi 15 juu ya moto mdogo pamoja na mdalasini na karafuu chache, kisha chuja.

Uchachu una mpaka wake. Ukungu na zile hamira za asili zinazoelea hewani hazijali asidi sana. Zinazuiwa na sukari inapokuwa nyingi kiasi cha kuzinyima maji. Kwa usalama wa rafu, sukari inapaswa kufika karibu asilimia 65 ya uzito wote, yaani kama kilo 1.8 kwa kila lita ya maji ya choya. Kipimo kilichozoeleka cha kikombe kwa kikombe hufikia asilimia 45 tu. Hiyo bado ni juisi nzito, na kwa joto la Dar es Salaam itaanza kutoa povu.

Hapo mtu atauliza, na ana haki: kwa nini kumnywesha mtu sukari yote hiyo kwa jina la afya? Jibu ni kwamba sharubati hunywewa kwa kijiko au kuzimuliwa, na asiyeitaka sukari aipunguze kwa hiari yake, mradi akubali kwamba ametengeneza juisi: iende kwenye friji na iishe ndani ya siku chache, mapema zaidi umeme ukikatika. Atakayetumia asali asimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, maana mbegu za botulizimu zinaweza kuamka tumboni mwake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba choya ina faida ya kweli mwilini, ya kushusha shinikizo la damu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, kwa watu wazima 65, ulionyesha kuwa vikombe vitatu vya chai ya choya kwa siku kwa wiki sita vilishusha kipimo cha juu kwa wastani wa pointi 7.2, dhidi ya 1.3 kwa waliopewa kinywaji cha kulinganishia. Naukubali ushahidi huo. Lakini ilikuwa chai, wala si sharubati yenye theluthi mbili za sukari, na anayetumia vidonge vya presha amwambie daktari kabla ya kuifanya choya kinywaji chake cha kila siku. Mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu imepungua aendelee na vidonge vya madini ya chuma alivyopewa. Choya haichukui nafasi ya vidonge hivyo.

Chupa ichemshwe kwanza, ijazwe sharubati ikiwa bado ya moto, ifungwe, iwekwe kabatini, kwa kuwa mwanga na joto huharibu anthosayanini. Baada ya miezi rangi itaelekea kahawia, nayo haimaanishi kwamba imeoza. Kinachoisema chupa iliyoharibika ni povu, kifuniko kilichovimba, au utando wa ukungu juu. Hiyo imwagwe yote, usienguliwe utando peke yake.