Ovadraivu: Istilahi na Ubainishaji wa Hitilafu Zake

Kazi ya istilahi haiishii katika kukipa kitu jina. Istilahi iliyo njema humwezesha msemaji kueleza linalotendeka ndani ya kitu hicho, na humwezesha msikilizaji kutenda ipasavyo. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano wa mtambo mdogo uitwao ovadraivu. Tumechukua ule wa Laycock, aina ya LH, uliotiwa katika gari la michezo la MGB tangu mwisho wa 1967. Gari hilo liliundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, na leo hutunzwa na wapenzi wa magari ya kale. Hata hivyo, maneno yanayohitajiwa kuueleza mtambo wake yanahitajiwa vilevile na fundi wetu anayefungua giaboksi ya otomatiki, kwa kuwa mpango wa gia zake ni wa jamii moja.

Jina la mtambo

Mtu angeweza kuunda jina kizidishamwendo. Jina hilo ni la Kiswahili safi, lakini linapotosha. Ovadraivu haiongezi nguvu za injini hata kidogo. Katika mtambo huu, shafti iingiayo ikizunguka mara 82, shafti itokayo huzunguka mara 100. Hivyo injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,500 kwa dakika huweza kushuka hadi mara 2,870, na gari likabaki katika mwendo uleule. Faida yake ni utulivu na uchache wa petroli katika barabara ndefu. Mlimani hupunguza uwezo wa kuvuta. Dereva aliyefundishwa kwamba anacho kizidishamwendo atakiwasha mahali asipopaswa. Maadamu mafundi wamekwisha kulizoea neno ovadraivu, na maadamu halidanganyi, twaona heri libaki.

Sehemu na kazi zake

Katikati ya mtambo imo gia jua. Kuizunguka zimo gia sayari zilizobebwa na shafti itokayo katika giaboksi, na nje ya zote imo gia pete, ambayo ndiyo huizungusha shafti iendayo nyuma ya gari. Kati ya shafti hizo mbili ipo klachi ya njia moja, yenye vigololi virefu vishikavyo upande mmoja na kuachia upande wa pili.

Sehemu itawalayo zote ni klachi ya pia, iitwayo hivyo kwa umbo lake. Springi huisukuma ikaigandamiza gia pete, na hapo gia zote huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Dereva abonyezapo swichi, umeme huingia katika solenoidi, nayo hufungua vali. Ndipo kanieneo la mafuta yatokayo katika pampu huishinda springi na kuisukuma klachi ya pia hadi kwenye pete ya breki. Gia jua husimama, gia sayari huizunguka, na gia pete huenda kasi zaidi. Swichi ya kizuizi, iliyo juu ya giaboksi, huruhusu umeme kupita katika gia za juu tu.

Vitenzi vinne vya hitilafu

Kusema kwamba ovadraivu “imeharibika” au “imekufa” hakumsaidii fundi. Lugha yetu inavyo vitenzi vinne ambavyo, vikitengwa barabara, kila kimoja humpeleka mahali pake.

Kwanza, haishiki. Hapo fundi aanze na kilicho rahisi: kiasi cha mafuta, kwani giaboksi na ovadraivu hutumia mafuta mamoja. Kisha, injini ikiwa imezimwa, awashe swichi ya ufunguo, atie gia ya nne na kubonyeza swichi ya ovadraivu, huku akipima waya wa solenoidi kwa taa ya majaribio. Taa isipowaka, kosa liko katika fyuzi, swichi, waya au swichi ya kizuizi. Ikiwaka, aikague solenoidi yenyewe, kisha chujio, vali za pampu na kanieneo la mafuta.

Pili, inateleza. Imeshika, lakini injini huongeza mizunguko bila gari kuongeza mwendo. Aghalabu kanieneo ni dogo au bitana la klachi ya pia limelika. Mafuta yaliyotiwa dawa ya kupunguza msuguano nayo huleta utelezi, kwa kuwa klachi hii haifanyi kazi bila msuguano.

Tatu, inalegea. Gari huenda mbele vizuri, lakini halirudi nyuma, wala injini hailizuii literemkapo. Sababu ni kwamba klachi ya njia moja huweza kusukuma mbele tu. Kazi nyingine zote ni za klachi ya pia. Basi springi zake, bitana lake la ndani na njia ya kurudishia mafuta ndivyo vya kuchunguzwa.

Nne, inang'ang'ania. Swichi imezimwa, lakini mtambo hauachii. Hii ndiyo hitilafu ya hatari. Gari katika hali hii lisirudishwe nyuma kamwe, maana klachi ya njia moja hujifunga na kuitaka gia pete izunguke sawa na gia sayari, ilhali gia jua iliyosimamishwa huitaka izunguke kasi zaidi. Amri mbili zisizopatana huvunja chuma. Waya wa solenoidi uchomolewe. Mtambo ukiachia, kosa ni la umeme. Usipoachia, vali imekwama, njia ya mafuta imeziba, au klachi ya pia imenasa katika pete ya breki. Klachi iliyonasa huweza kubanduliwa kwa kuigonga pete hiyo kwa nyundo ya ngozi.

Hitimisho

Tofauti kati ya “haishiki” na “inang'ang'ania” yaweza kuwa tofauti kati ya waya uliolegea na giaboksi iliyovunjika. Dereva asemaye tu kwamba ovadraivu haifanyi kazi, kisha akarudi nyuma ili aliingize gari karakana, huenda akaulipia upungufu huo wa maneno. Kwa hiyo twapendekeza kwamba orodha za istilahi za ufundi zisiwe za nomino peke yake. Kila jina la mtambo na liandamane na vitenzi vya hitilafu zake, vikiwa vimefafanuliwa. Vitenzi hivyo vimo vinywani mwa mafundi. Kazi iliyobaki ni kuvikusanya, kuvitenga na kuvisanifisha.