KUMBUKUMBU ZETU ZINALALA WAPI?



Siku hizi katika mashamba mengi ya chai na miwa, na katika viwanda vingi, daftari kubwa la karani limeondoka. Mchumaji anapopima majani, kilo zake huingia katika mizani ya elektroniki, na kutoka hapo huenda kwenye kompyuta. Mfanyakazi wa kiwandani anapoingia zamu huweka kidole juu ya mashine iliyoko getini. Mwisho wa mwezi kompyuta hujumlisha, hukata kodi, hukata mchango wa akiba ya uzeeni, hukata ada ya chama, kisha hutoa kiasi cha kulipwa.

Katika mikutano ya matawi tunaulizwa mara kwa mara: hesabu hizo zikishaingia ndani ya mashine, zinakwenda wapi? Nani anazilinda? Zikipotea, tutadai kwa ushahidi gani?

Haya si maswali ya mafundi peke yao. Hapa Uganda mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na mwajiri hutoa asilimia 10 juu yake. Mtu akifanya kazi miaka 30, jasho la miaka 30 limegeuka tarakimu ndani ya mashine. Ni haki yake kujua tarakimu hizo zinatunzwa namna gani. Kwa hiyo tunaeleza hapa chini, kwa lugha yetu ya kazini.

BOHARI MOJA, KOMPYUTA NYINGI

Kompyuta huandika kumbukumbu zake, ambazo mafundi huziita data, juu ya diski. Kompyuta ya kwanza ya biashara iliyotumia diski za namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Chombo chake kilikuwa na sahani 50, kilikuwa na uzito wa kama tani moja, na kilitunza herufi milioni 5 tu. Leo simu ndogo ya mfukoni hutunza mara maelfu ya hizo.

Kwa miaka mingi kila kompyuta ilikuwa na diski zake tumboni mwake. Ilikuwa kama shamba ambalo kila nyapara ana kibanda chake cha zana: huyu ana majembe ya ziada, yule hana hata moja, na kibanda kikiungua hakuna ajuaye ndani mlikuwa na nini. Katika miaka ya 1990 makampuni makubwa yalianza kuzitoa diski humo na kuziweka pamoja katika bohari moja. Bohari hiyo ilijengewa barabara yake, mbali na barabara ya barua na shughuli za kila siku za ofisi. Barabara yenyewe mara nyingi ni nyuzi nyembamba za kioo, na mzigo husafiri ndani yake kwa mwanga. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha kanuni rasmi za barabara hiyo, inayoitwa Faiba Chaneli, ili mashine za makampuni mbalimbali ziweze kuelewana.

MZIGO UNAVYOPITA

Njia panda za barabara hii zina mashine inayoitwa swichi. Kila kompyuta na kila kabati la diski lina namba liliyopewa kiwandani, isiyofanana na nyingine duniani. Linapojiunga na mtandao, swichi hulipa anwani fupi ya mahali lilipo, kama mfanyakazi mpya anavyopewa namba ya kazi getini. Swichi zenyewe hupashana habari za njia zilizo wazi, kisha huchagua iliyo fupi. Njia ikikatika, hupashana tena na kuchagua nyingine.

Mzigo haupiti wote kwa mara moja. Hukatwa vifurushi vidogo, na kila kifurushi hakibebi zaidi ya herufi 2,112. Tena kifurushi hakiondoki mpaka upande wa kupokea umesema kwamba una nafasi. Ninyi wa viwanda vya chai mnalijua jambo hili. Lori likiondoka shambani wakati vitanda vya kunyaushia vimejaa, majani yatachomeka juu ya lori. Afadhali lisubiri ruhusa. Kwa utaratibu huo msongamano haufanyi mzigo utupwe njiani.

Lakini utaratibu huo una shida yake. Mpokeaji mmoja akiwa mzembe wa kupokea, foleni yake hurudi nyuma mpaka njia panda, na wengine wasiohusika naye hukwama. Ndiyo maana siku nyingine karani wa mishahara huona kompyuta yake imekuwa nzito, kumbe haina ubovu wowote. Ubovu uko kwenye mashine nyingine inayotumia barabara ile ile. Kwa hiyo tusikimbilie kumlaumu karani. Naye ni mfanyakazi mwenzetu.

NJIA MBILI, NA NANI ANARUHUSIWA

Bohari iliyojengwa vizuri huwa na barabara mbili kamili, kila moja na swichi zake na nyaya zake. Kompyuta ya mishahara huunganishwa na zote mbili. Moja ikikatika, mzigo hupita ya pili bila kazi kusimama. Lakini lazima ziwe mbili kweli. Nyaya zote zikipita katika mtaro mmoja, jembe moja litazikata zote. Swichi zote zikitegemea waya mmoja wa umeme, umeme ukizimika zote zinalala.

Tena bohari ya watu wengi haina budi kuwa na milango. Mafundi huigawa kanda kanda, na kila kompyuta huambiwa inaruhusiwa kuona diski zipi. Ya mishahara huona za mishahara, ya mauzo huona za mauzo. Bila mipaka hiyo kompyuta moja inaweza kuandika juu ya kumbukumbu za nyingine na kuzifuta. Hapo ndipo swali la mfanyakazi linapoingia: ni nani anaruhusiwa kufungua mlango wa mishahara, na akibadili kilo au saa zetu, je, mabadiliko hayo yanaandikwa mahali?

HESABU YA DISKI INAYOKUFA

Diski hufa kama balbu ya taa. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walieleza jinsi ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili moja ikifa data zisipotee. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Tuseme diski tatu zina tarakimu 7, 4 na 9. Diski ya nne huandikwa jumla yake, 20. Diski yenye 4 ikifa, chukua 20, toa 7, toa 9, na 4 imerudi. Mashine hutumia hesabu ya namna yake, lakini maana ni hiyo.

Ndugu zetu, hapa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Njia mbili si nakala. Diski ya jumla si nakala. Hata bohari mbili zinazoandikiana papo hapo si nakala, kwa sababu mtu akifuta upande huu, upande wa pili nao unafutwa palepale. Vitu hivi vinazuia kazi isisimame. Havizuii moto, wizi, wala mkono uliokosea. Dawa ya hayo ni nakala iliyochukuliwa na kuwekwa mbali.

YALIYOWAPATA WENGINE

Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alikuwa akirekebisha mitambo usiku. Akafuta jalada kwenye mashine isiyo yenyewe. Walipogeukia akiba, walikuta kwamba katika njia tano walizokuwa wameziweka, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kama saa sita kabla kwa ajili ya kazi nyingine. Kampuni ilieleza hadharani kasoro za utaratibu wake, bila kumtaja fundi huyo kwa jina. Hilo ni jambo la kuigwa: utaratibu mbovu usitwikwe mtu mmoja aliyekuwa zamu ya usiku.

Tarehe 10 Machi 2021, jengo moja la kampuni ya OVH liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyekufa. Lakini baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao zilikuwa zimewekwa mahali palepale palipoungua.

Na tarehe 26 Septemba 2025, betri zilisababisha moto katika kituo cha kompyuta cha serikali huko Daejeon, Korea ya Kusini. Mifumo 709 ya serikali ilisimama. Bohari moja ya majalada ya watumishi wa serikali iliteketea ikiwa na terabaiti 858. Terabaiti moja ni herufi milioni mara milioni, basi pigeni hesabu wenyewe. Bohari hiyo haikuwa na nakala mahali pengine. Ilisemekana kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Wizara inayoshughulikia watumishi iliumia zaidi, kwa kuwa watumishi wake walikuwa wameamriwa kuweka kazi zao zote humo.

Nchi hizo ni tajiri na zina mafundi wengi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema.

SISI TUSIO NA BAHARI

Waajiri wengine huweka kumbukumbu katika kompyuta za nchi za mbali na kuzifikia kwa intaneti. Si jambo baya, kwani moto wa hapa hauzifikii. Lakini sisi wa Uganda hatuna pwani. Mzigo wetu hupita Kenya au Tanzania mpaka baharini, kisha huingia kwenye mikongo iliyolazwa chini ya maji. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Kwa siku kadhaa intaneti ilikuwa ya taabu Kenya, Tanzania, Rwanda na hapa kwetu. Jambo kama hilo likitokea siku ya kulipa mishahara, mwajiri asije akasema "mtandao hakuna" na kufunga dirisha. Njia ya kulipa pasipo mtandao iandaliwe kabla ya siku hiyo.

Katika kiwanda kimoja tunachokifahamu, ambacho hatutakitaja, mashine ilikufa na hesabu za wiki mbili zikapotea. Menejimenti ilitaka kulipa kwa makisio. Idara ya upakiaji ilikuwa na mwakilishi aliyewazoesha wenzake kuandika saa zao kwenye daftari la shule na kutunza hati za mishahara. Idara hiyo ililipwa saa zake zote, pamoja na za ziada. Idara nyingine zililipwa makisio. Mashine ilikuwa ile ile na mwajiri yule yule, ila idara ile ilikuwa na nakala yake mbali na moto.

TUFANYE NINI

Mafundi wana kanuni moja rahisi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Chama kinaweza kuipeleka kanuni hiyo kwenye meza ya majadiliano. Tunashauri kila tawi liiulize menejimenti maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Kumbukumbu za kilo, saa na michango yetu zina nakala ngapi, na ya mbali iko wapi?

2. Ni lini mara ya mwisho nakala hiyo ilijaribiwa kwa kurudishwa kwenye mashine? Nakala isiyojaribiwa ni kama kizimamoto kisichojazwa.

3. Ni nani anaweza kubadili kumbukumbu zetu, na mabadiliko yanaandikwa wapi?

4. Mashine ikifa siku ya mshahara, tutalipwa kwa utaratibu gani?

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupata hati ya mshahara yenye mchanganuo, kwa maandishi, kila anapolipwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua kumbukumbu zake zilizotunzwa na wengine, na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, na wa Tanzania ya mwaka 2022.

Na kila mmoja wetu afanye lililo katika uwezo wake. Tunza hati zako za mshahara mahali pakavu. Andika kilo zako au saa zako kila jioni. Angalia taarifa ya michango yako angalau mara moja kwa mwaka, na ukiona mwezi umerukwa, mwambie mwakilishi wako wiki hiyo hiyo. Usingoje kustaafu, maana miaka 30 baadaye karani atakuwa amehama, kampuni itakuwa imebadili jina, na mashine ya leo itakuwa imetupwa jalalani.

Daftari la shilingi chache na bohari ya mamilioni vyote vinalinda jasho la mfanyakazi. Tudai bohari iwe imara, na daftari tusiliache.

Umoja ni nguvu.