Mwalimu Cody na Gongo la Kilkenny

Mtoto wa kaunti ya Kilkenny, Ayalandi, anayeanza kucheza halingi hufundishwa kwanza namna ya kuutoa mpira chini bila kuugusa kwa mkono, maana sheria hairuhusu. Huinama, akapenyeza ubapa wa gongo chini ya mpira, akaurusha juu kidogo na kuudaka. Akishaudaka ana hatua nne tu. Baada ya hapo aupige, autoe kwa mwenzake, au aubebe juu ya ncha ya gongo huku anakimbia, na mpinzani yuko ubavuni naye ana gongo lake. Ufundi huo ukikupita utotoni, ukubwani ni shida kuupata. Ndiyo maana katika mchezo huu wa jadi wa Ayalandi namweka mwalimu wa shule ya msingi mbele ya kocha. Brian Cody alikuwa vyote viwili.

Kwa mbali mchezo wenyewe unafanana na mpira wa magongo wa Olimpiki, ila huu mpira wake hupaa. Kila timu ina wachezaji 15, na mechi kubwa za kaunti huchezwa dakika 70. Gongo huchongwa kwa mti wa eshi, sehemu ya chini ya shina inapokutana na mizizi, ili nyuzi za mbao zifuate mkunjo na gongo lisikatike ovyo. Mpira ukiingia golini ni pointi 3. Ukipita juu ya mwamba, kati ya milingoti, ni pointi 1.

Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Katika halingi kila mtu huchezea kwao, lakini hakuna mshahara. GAA, chama kinachosimamia halingi, kilichoanzishwa mjini Thurles mwaka 1884, kimeushikilia mchezo huu uwe wa ridhaa mpaka leo. Nyota anayeshangiliwa Jumapili na watu zaidi ya 80,000 katika uwanja wa Croke Park ana kazi yake ya kawaida inayomngoja. Wengi wamechagua ualimu, na sababu mojawapo iko wazi: likizo ndefu ya shule huangukia majira ya joto, wakati mashindano yamepamba moto.

Cody, aliyezaliwa mwaka 1954, alisoma St Kieran's College, shule ya Kilkenny inayosifika kwa kulea wachezaji, akasomea ualimu Dublin, kisha akarudi kwao kufundisha. Baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya St Patrick's De La Salle. Uwanjani alikuwa beki. Katika fainali ya ubingwa wa Ayalandi ya mwaka 1978 walimpeleka mbele kushambulia, Kilkenny wakafungwa na Cork, na lawama nyingi zikamwangukia yeye, tena kutoka kwa watu wa kwao. Miaka minne baadaye, mwaka 1982, alirudi fainali kama nahodha wa Kilkenny na wakawafunga Cork haohao. Kwangu mimi, miaka hiyo minne ndiyo iliyomfanya kocha. Mtu aliyewahi kuzomewa kisha akainuka anajua kumsubiri kijana, na anajua pia kwamba jina halimpi mtu namba. Chini yake hata mastaa walikaa benchi.

Alikabidhiwa timu ya kaunti mwishoni mwa mwaka 1998. Fainali yake ya kwanza, mwaka 1999, aliipoteza kwa Cork kwa pointi moja. Kisha yakaja mataji 11, manne kati yake mfululizo, kuanzia 2006 hadi 2009. Fainali ya 2008 ndiyo ninayoirudia kuitazama: Kilkenny magoli 3 na pointi 30, Waterford goli 1 na pointi 13. Piga hesabu, ni 39 kwa 16. Wepesi wa mikono ulioonekana siku ile haukuanza mazoezini msimu huo. Ulianza wachezaji hao walipokuwa watoto wa miaka sita au saba.

Aliondoka mwaka 2022, baada ya fainali aliyoshindwa na Limerick kwa pointi mbili. Aliyepokea kiti chake ni Derek Lyng, mchezaji aliyefundishwa na Cody mwenyewe.