'Yet': Neno la herufi tatu linalowatatiza wazungumzaji wa Kiswahili

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MGENI anayeshuka katika kituo cha mabasi cha Msamvu mjini Morogoro, akiwa na haraka ya kuunganisha safari ya Iringa, anaweza kumwendea kijana aliye karibu na kumuuliza kwa Kiingereza: "Hasn't the Iringa bus left yet?"

Kijana huyo, kwa nia njema kabisa, akamjibu: "Yes." Alichokusudia kusema ni "Ndiyo, halijaondoka." Alichokielewa mgeni ni kwamba basi limekwisha kuondoka. Mgeni anakwenda kutafuta nyumba ya kulala wageni, huku basi lake likiendelea kupakia abiria hatua chache kutoka pale alipokuwa amesimama.

Makosa ya aina hiyo hayatokani na uvivu wa kujifunza. Chanzo chake ni tofauti iliyopo baina ya Kiswahili na Kiingereza katika kulieleza jambo ambalo halijakamilika, na katikati ya tofauti hiyo limekaa neno dogo la herufi tatu, "yet", ambalo wanasarufi huliweka katika kundi la vielezi.

Nchini Tanzania, mtoto anayesoma katika shule nyingi za msingi za Serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kisha aingiapo kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Kwa baadhi ya watoto wa vijiji vya Milima ya Uluguru, ambao lugha ya kwanza nyumbani ni Kiluguru, Kiingereza huwa ni lugha ya tatu. Kwa hiyo mwanafunzi hutunga sentensi ya Kiingereza akiwa bado anafikiri kwa Kiswahili, na hapo ndipo neno "bado" linapomponza.

Katika Kiswahili, "bado" hufanya kazi nyingi. Mtu akisema "Mvua bado inanyesha", ana maana kwamba jambo lililoanza linaendelea. Akisema "Mvua bado haijanyesha", ana maana kwamba jambo linalotarajiwa halijatokea. Na akiulizwa kama chakula kimeiva, anaweza kujibu kwa neno moja tu: "Bado."

Kiingereza huzigawa kazi hizo. Jambo linaloendelea hupewa neno "still": "It is still raining." Jambo linalotarajiwa ambalo halijatokea hupewa "yet": "It has not rained yet." Jibu la neno moja huwa maneno mawili: "Not yet." Mwanafunzi anayekariri kwamba "bado" ni "yet", bila kuangalia kitenzi kinachofuata, ataandika "It is yet raining" na kukosa alama.

Njia rahisi ya kuepuka kosa hilo ni kuliacha neno "bado" kando na kukitazama kitenzi. Kiswahili kina kiambishi maalumu cha kazi hii, nacho ni "-ja-", kinachoonekana katika maneno kama "hajafika", "hatujala" na "halijaondoka". Kiambishi hicho hubeba ukanushi uliochanganyika na matarajio. Anayesema "hajafika" anamaanisha kwamba mtu hayupo, lakini anaweza kufika.

Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Ili kuieleza maana yote iliyomo katika "hajafika", msemaji hulazimika kukusanya maneno kadhaa: "He has not arrived yet." Neno "not" huleta ukanushi, na "yet" huleta matarajio. Kwa maneno mengine, mara nyingi pale Mswahili anapotumia "-ja-", Mwingereza huhitaji "yet".

Umuhimu wa jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa kulinganisha "-ja-" na "-ku-". Mkulima wa mboga wa Mgeta, katika Milima ya Uluguru, akisema "mvua hazikunyesha", anazungumzia msimu uliokwisha na hasara iliyokwisha kupatikana. Akisema "mvua hazijanyesha", msimu ungali wazi na mbegu zinaweza kusubiri. Kwa Kiingereza, kauli ya kwanza ni "It did not rain" na ya pili ni "It has not rained yet." Anayeandika taarifa ya kilimo akaacha "yet" na kubadili kitenzi, amegeuza matumaini kuwa hasara.

Ni tofauti hiyo hiyo iliyoupa nguvu mmoja wa vitabu vya siasa vinavyofahamika sana Afrika Mashariki. Mwaka 1967 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, alichapisha kitabu alichokiita "Not Yet Uhuru". Kenya ilikuwa imepata uhuru mwaka 1963. Kama angeandika "No Uhuru", angekuwa ameufunga mlango. Kwa kuweka "yet", alisema kwamba uhuru wa kweli haujafika, na kwamba wananchi bado wana haki ya kuutazamia.

Katika maswali, neno hilo hutumika bila ukanushi. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka 2024, swali kama "Has the train arrived yet?" lina nafasi yake mjini hapa. Maana yake ni "Je, treni imeshafika?" Muulizaji akisema "Has the train arrived already?", ameongeza mshangao, kana kwamba anasema: "Imeshafika? Mapema hivi!"

Lakini katika kauli ya kukubali kwamba jambo limekwisha kutendeka, "yet" haina nafasi. "Treni imeshafika" ni "The train has already arrived", wala si "The train has arrived yet."

Kuhusu mahali pake, "yet" hukaa zaidi mwishoni mwa sentensi, au mara baada ya "not": "The bus has not yet left." Waingereza hulitumia pamoja na "have" au "has". Wamarekani wengi, katika mazungumzo, husema "Did you eat yet?", jambo ambalo mtahiniwa ni vyema aliepuke, kwa kuwa shule za Tanzania hufuata zaidi Kiingereza cha Uingereza.

Mtego mkubwa kuliko yote, hata hivyo, umo katika maandishi rasmi. Kiingereza kina msemo "have yet to", ambao una maana ya kukanusha ingawa ndani yake hamna neno "not". Chuo kikimwandikia mwombaji "You have yet to submit your certificates", kinamwambia kwamba hajawasilisha vyeti vyake. Msomaji asiyeona "not" popote anaweza kudhani kwamba chuo kinathibitisha kuvipokea, akatulia nyumbani hadi siku ya mwisho ikapita.

Vivyo hivyo, "The compensation has yet to be paid" maana yake ni kwamba fidia haijalipwa. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, lakini mikataba, barua za vyuo na nyaraka nyingi za zabuni zingali zikiandikwa kwa Kiingereza. Katika mji wenye vyuo kama Morogoro, kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984, barua za namna hiyo si ngeni kwa wakazi wake.

Na yule kijana wa Msamvu je? Katika Kiswahili, "ndiyo" hukubaliana na kauli ya muulizaji: umesema halijaondoka, nami nakubali. Katika Kiingereza, "yes" na "no" hufuata hali halisi ya jambo lenyewe. Ikiwa basi halijaondoka, jibu ni "No", hata kama swali lenyewe lilikuwa na ukanushi. Jibu lililo salama ni kutoishia kwenye neno moja: "No, it has not left yet."

Kwa anayejifunza, basi, kanuni ni chache. Kitenzi cha Kiswahili kikiwa na "-ja-", tumia "yet". Kikiwa na "bado" na jambo linaendelea, tumia "still". Kikiwa na "-mesha-" katika kauli ya kawaida, tumia "already", na katika swali tumia "yet". Na ukikuta "have yet to" ndani ya barua au mkataba, isome mara mbili kabla hujaweka sahihi: kinachotajwa hapo hakijafanyika.